Maikrofoni na Spika za Simu ya Mkononi: Zinabeba Nini cha Mwili, na Zinaacha Nini?

Utangulizi

Simu ya mkononi imekuwa chombo cha kazi katika huduma za afya. Mganga wa zahanati humpigia daktari wa hospitali ya wilaya kuomba ushauri; muuguzi hurekodi mlio wa kifua cha mtoto na kuutuma kwa bingwa; mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani huelezwa kwa simu saa za kumeza dawa. Katika kila tendo kati ya hayo, sauti hupita katika saketi mbili. Ya kwanza ni ya maikrofoni, inayopokea sauti, kuigeuza kuwa umeme na kuukuza umeme huo. Ya pili ni ya spika, inayoukuza umeme kwa mara nyingine na kuurudisha kuwa sauti. Saketi hizo hazikubuniwa kwa ajili ya moyo wala mapafu. Zilibuniwa kwa ajili ya maneno.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Chukua mfano wa mama mjamzito ambaye vali yake ya mitrali imebana kutokana na homa ya baridi yabisi, ile inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Damu inapoongezeka mwilini wakati wa ujauzito, moyo wake huelemewa, na mapafu yanaweza kujaa maji. Ishara mojawapo ya hali hiyo ni mngurumo hafifu wa masafa ya chini unaosikika kwa stetoskopu. Rekodi ya simu ya kifua hicho hicho inaweza kuwa safi kabisa, isiyo na mngurumo wowote. Anayeisikiliza akijibu kwamba hajasikia kasoro, amesema kweli kuhusu simu. Kuhusu moyo hajasema lolote.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza: (a) kueleza kwa ufupi jinsi saketi za maikrofoni na spika zinavyofanya kazi, (b) kutaja sauti za mwili zinazopita katika simu na zile zinazopotea, (c) kuchukua tahadhari zinazofaa anaporekodi, anaposikiliza, na anapopokea maelekezo ya tiba kwa simu.

1. Sauti za mwili na masafa yake

Sauti ni mtetemo wa hewa. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa masafa, na kipimo chake ni hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takribani hezi 20 hadi hezi 20,000. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida kwa umbali wa mita moja huwa kati ya desibeli 60 na 65.

Sauti za mwili zimetawanyika katika masafa mbalimbali, kama ifuatavyo:

• Sauti mbili za kawaida za moyo: sehemu kubwa ya nguvu yake iko chini ya hezi 150 hivi.

• Sauti ya tatu na ya nne za moyo: takribani hezi 20 hadi 70. Sauti ya tatu kwa mtu mzima inaweza kuwa dalili ya moyo kushindwa kufanya kazi.

• Mngurumo wa vali ya mitrali iliyobana: masafa ya chini. Ndiyo maana hutafutwa kwa upande wa kengele wa stetoskopu, tena ukigusishwa ngozini kwa wepesi.

• Mvumo wa vali ya mitrali inayovuja: masafa ya juu zaidi, yanayofikia mamia ya hezi.

• Pumzi ya kawaida: mchanganyiko wa masafa mengi, hasa kati ya hezi 100 na 1,000.

• Mlio wa filimbi wa mgonjwa wa pumu: mara nyingi mamia ya hezi, na wakati mwingine zaidi ya 1,000.

Sasa tulinganishe na simu. Wahandisi wa mawasiliano waliona zamani kwamba maneno yanaeleweka vizuri hata kama mtandao utabeba masafa kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Kipimo hicho kimetawala simu za kawaida kwa miongo mingi. Teknolojia mpya zaidi ya sauti pana hubeba hezi 50 hadi 7,000, lakini hutumika pale tu ambapo simu zote mbili na mtandao vinaiwezesha.

Ukiziweka orodha hizi sambamba, utaona kwamba mlio wa filimbi wa pumu unaweza kupita katika simu ya kawaida, lakini sauti kuu za moyo ziko chini ya mlango wake. Huenda msomaji akauliza: mbona sauti nene ya mwanamume, ambayo msingi wake uko karibu na hezi 100 hadi 125, tunaitambua kwenye simu? Jibu ni kwamba sauti ya binadamu ina ngazi nyingi za masafa zinazopanda juu ya msingi huo kwa mpangilio maalumu. Ubongo ukizisikia ngazi za juu, huujaza wenyewe msingi uliokosekana. Pigo la moyo halina ngazi kama hizo za kuuongoza ubongo. Likikatwa, limekatwa.

2. Maikrofoni: kutoka mtetemo hadi milivolti

Maikrofoni ya simu nyingi za leo ni kipande kidogo cha silikoni. Ndani yake mna kiwambo chembamba mno kilichowekwa mbele ya bamba lenye matundu. Viwili hivyo kwa pamoja hufanya kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme. Sauti inapokisukuma kiwambo, nafasi kati yake na bamba hubadilika, na volti hubadilika pamoja nayo. Maikrofoni za aina ya elektreti, ambazo bado zimo katika vifaa vingi vya masikioni, hutumia kanuni hiyo hiyo. Zilibuniwa na Gerhard Sessler na James West katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1962.

Umeme unaotoka ni mdogo sana. Maikrofoni ya kawaida ya silikoni hutoa takribani milivolti 12.6 kwa kila paskali moja ya shinikizo la sauti, na paskali moja ni sawa na desibeli 94. Mazungumzo ya desibeli 64 yako chini ya hapo kwa desibeli 30, yaani shinikizo lake ni dogo kwa takribani mara 32. Kwa hiyo maikrofoni itatoa milivolti 0.4 tu.

Kuna mipaka miwili ambayo mhudumu wa afya anapaswa kuikumbuka. Kwanza, maikrofoni yenyewe hutoa mchakacho wake wa ndani. Katika maikrofoni nzuri mchakacho huo ni kama sauti ya desibeli 29 hivi. Sauti ya mwili iliyo hafifu kuliko hapo humezwa. Pili, kiwambo kina kitundu kidogo sana cha kusawazisha shinikizo la hewa pande zote mbili, kisije kikaharibika. Kitundu hicho huruhusu mitetemo ya polepole kupenya bila kukisukuma kiwambo. Hivyo masafa ya chini kabisa huanza kupungua kabla hata umeme haujafika kwenye saketi.

3. Kikuzaji cha maikrofoni na kapasita ndogo yenye uamuzi mkubwa

Milivolti 0.4 haitoshi kusomwa vizuri na kigeuzi kinachobadilisha umeme kuwa tarakimu. Kwa hiyo hupitishwa kwanza katika kikuzaji, au amplifaya kama mafundi wanavyokiita. Tuseme mbunifu amechagua ukuzaji wa mara 100, ambao ni sawa na desibeli 40. Milivolti 0.4 itakuwa milivolti 40. Lakini mtu akizungumza mdomo ukiwa umegusa simu, sauti inaweza kufika desibeli 94, milivolti 12.6 itakuzwa kuwa volti 1.26. Ikiwa kigeuzi kinapokea mwisho volti 1, vilele vya wimbi hukatwa na sauti hukwaruza. Mbunifu hulazimika kusimama kati ya hatari mbili: akikuza kidogo, sauti hafifu hupotea katika mchakacho, akikuza sana, sauti kubwa huharibika.

Kati ya maikrofoni na kikuzaji mara nyingi huwekwa kapasita. Kazi yake ni kuzuia umeme wa moja kwa moja unaoiendesha maikrofoni usiingie katika kikuzaji, na kuruhusu wimbi la sauti peke yake lipite. Hata hivyo, kapasita hiyo ikiungana na ukinzani wa kikuzaji hufanya chujio linalopunguza masafa ya chini. Mpaka wa chujio hukokotolewa hivi:

f = 1 ÷ (2 × 3.14 × R × C)

ambapo f ni masafa kwa hezi, R ni ukinzani kwa omu, na C ni uwezo wa kapasita kwa faradi.

Tuchukue ukinzani wa omu 10,000. Kapasita ikiwa ya mikrofaradi 0.1, mpaka unakuwa karibu hezi 159. Kapasita ikiwa ya mikrofaradi 1, mpaka unashuka hadi karibu hezi 16. Tuone maana yake kwa sauti ya tatu ya moyo yenye hezi 40. Katika saketi ya kwanza sauti hiyo hubaki takribani robo ya ukubwa wake wa awali. Katika saketi ya pili hubaki zaidi ya asilimia 90. Maneno ya hezi 1,000 hupita katika saketi zote mbili karibu bila kupungua.

Mtu akizungumza kupitia saketi hizo mbili, msikilizaji atatambua tofauti ndogo tu. Kwa anayesikiliza moyo, kapasita moja isiyozidi punje ya mchele imeamua kama dalili itafika au haitafika. Mbunifu wa simu hakukosea kuchagua kapasita ndogo. Upepo, mguso wa vidole na mpumuo wa msemaji vyote ni vya masafa ya chini, na kuvikata hufanya mazungumzo yaeleweke zaidi. Amefanya kazi aliyopewa. Kusikiliza moyo haikuwa sehemu ya kazi hiyo.

4. Programu zinazofuata baada ya saketi

Sauti ikishageuzwa kuwa tarakimu, simu huendelea kuihariri. Hatua tatu zinatuhusu.

Ya kwanza ni upunguzaji wa kelele. Simu nyingi zina maikrofoni mbili au zaidi. Hulinganisha sauti zake na kuondoa kile kisichofanana na maneno. Mvumo usiobadilika, kama wa feni, huhesabiwa kuwa kelele. Pumzi ya kawaida ya mapafu nayo ni mvumo wa aina hiyo hiyo. Vivyo hivyo, mipasuko midogo midogo inayosikika katika nimonia, ambayo kila mmoja hudumu sehemu ndogo tu ya sekunde, inaweza kuchukuliwa kuwa mikwaruzo na kufutwa.

Ya pili ni urekebishaji wa ukubwa wa sauti. Simu hukuza sauti hafifu na kupunguza sauti kubwa ili msikilizaji asihangaike. Kwa mhudumu wa afya huu ni mtego, kwa sababu ukubwa wa sauti ni sehemu ya uchunguzi. Pumzi iliyofifia upande mmoja wa kifua, ambayo ingeashiria maji au hewa nje ya pafu, inaweza kusikika sawa na ya upande wa pili.

Ya tatu ni ubanaji. Programu za kutumiana ujumbe huibana sauti ili isile bando, na mbinu za kubana sauti ya maongezi huhifadhi kwanza kile ambacho maneno yanakihitaji.

5. Spika na kikuzaji chake

Upande wa pili wa safari, umeme mdogo unapaswa kuwa na nguvu ya kuusukuma waya uliozungushwa ndani ya sumaku ya spika. Spika ya simu mara nyingi ina ukinzani wa omu 8, na betri hutoa volti 3.7 hivi. Kikuzaji kikiunganishwa upande mmoja tu wa spika, wimbi lake linaweza kupanda na kushuka kwa volti 1.85, na nguvu ya juu kabisa inakuwa takribani milliwati 214. Kwa hiyo wabunifu hutumia vikuzaji viwili vinavyosukumana, kimoja kila upande wa spika: kimoja kikipanda, kingine hushuka. Wimbi hufika volti 3.7, na nguvu hupanda mara nne hadi takribani milliwati 856, kwa betri ile ile.

Ili betri isimalizike upesi, vikuzaji vya spika katika simu za leo huwa vya daraja D. Badala ya kuupitisha umeme kidogo kidogo, huuwasha na kuuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na wastani wake ndio huwa wimbi la sauti. Ufanisi wake unaweza kukaribia asilimia 90, wakati vikuzaji vya zamani vya daraja B, hata kwa hesabu za karatasini, havivuki asilimia 78.5.

Nguvu hiyo yote haiwezi kushinda udogo wa spika. Ili sauti ibaki na ukubwa ule ule, kila masafa yanapopungua kwa nusu, kiwambo cha spika hupaswa kusogea mara nne zaidi. Kutoka hezi 400 hadi hezi 50 ni nusu tatu; kwa hiyo kiwambo kingepaswa kusogea mara 64 zaidi. Ndani ya simu yenye unene wa milimita chache hakuna nafasi hiyo. Mbunifu huweka chujio ili waya wa spika usiungue ukijaribu lisilowezekana. Hivyo hata rekodi nzuri ya moyo, ikisikilizwa kwa spika ya simu, hupoteza kile ilichofanikiwa kukinasa. Vifaa vya masikioni vinavyoziba sikio vizuri husaidia sana, kwa kuwa hapo hewa inayopaswa kusukumwa ni kidogo.

6. Mlio wa redio na watumiaji wa shimesikio

Wengi wetu tumewahi kusikia redio ikitoa mlio wa "trrr-trrr" sekunde chache kabla simu haijaita. Chanzo chake ni mtandao wa GSM wa kizazi cha pili, ambamo simu hurusha mawimbi kwa vipindi vifupi vinavyojirudia takribani mara 217 kwa sekunde. Nguvu ya kila kipindi inaweza kufika wati 2. Waya wowote mrefu wa kikuzaji kilicho karibu huyanasa mawimbi hayo kama antena, na kikuzaji huyageuza kuwa mlio wa hezi 217.

Ndani ya simu, wabunifu hupambana na mlio huo kwa kufupisha njia ya maikrofoni, kutumia nyaya mbili ambazo kelele iliyoingia sawa katika zote hujifuta, na kuweka kapasita ndogo sana, kwa mfano ya pikofaradi 33, ili kuyamwaga mawimbi ya redio ardhini kabla hayajafika kwenye kikuzaji.

Nje ya simu, anayeumia ni mtumiaji wa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, kwa sababu nacho ni maikrofoni na kikuzaji vilivyokaa sentimita chache tu kutoka kwenye simu. Mlio ukimsumbua, ajaribu kutumia mtandao wa 3G au 4G, ambao tatizo hili ni dogo ndani yake. Au atumie spika ya nje akiiweka simu mbali na sikio. Shimesikio nyingi pia zina sehemu ya "T", ambayo hupokea sauti kwa njia ya sumaku badala ya hewa. Fundi wa kliniki ya masikio anaweza kuionyesha. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani naye asiweke simu katika mfuko wa shati. Kifaa chake kina kikuzaji kinachosikiliza milivolti chache za moyo, na ushauri wa kawaida ni kuiweka simu umbali wa angalau sentimita 15.

7. Pale ambapo simu imetumika kwa busara

Mipaka hii haimaanishi kwamba simu haifai. Inafaa pale ambapo kazi imepangwa kulingana na uwezo wake.

Mfano wa kwanza ni upimaji wa usikivu. Kipimo cha kawaida cha odiometa hutoa milio ya hezi 500, 1,000, 2,000 na 4,000 kwa desibeli zinazojulikana. Simu ya kawaida haiwezi kuaminiwa hapo, maana hakuna anayejua spika ya simu fulani na vifaa vyake vya masikioni vinatoa desibeli ngapi hasa. Lakini Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa programu ya hearWHO, inayotumia tarakimu zinazotamkwa katikati ya kelele. Kinachopimwa ni tofauti kati ya tamko na kelele. Simu ikikuza, inakuza vyote viwili kwa pamoja, na tofauti hubaki ile ile. Kasoro ya chombo imezungukwa kwa akili.

Mfano wa pili ni mapigo ya mtoto aliye tumboni. Kwa fimbo ya Pinard mkunga husikia sauti halisi ya moyo, iliyo ya chini na hafifu. Kuituma kwa simu ni vigumu. Kipimo cha Doppler hakisikilizi sauti hiyo. Hurusha mawimbi ya masafa ya juu sana, hupokea yanayorudi kutoka kwenye moyo unaocheza, na kutengeneza mlio wa mamia ya hezi. Mlio huo hupita vizuri katika simu, na aliye mbali anaweza kuhesabu kama mapigo yako kati ya 110 na 160 kwa dakika. Anachohesabu ni kasi. Asidai kutambua kasoro ya vali kwa mlio huo.

8. Mwongozo kwa mhudumu wa afya

(a) Kabla ya kuamini simu, ijaribu. Rekodi moyo wa mwenzako mwenye afya. Ikiwa sauti mbili za kawaida hazisikiki wazi, simu hiyo haifai kurekodi moyo wa mgonjwa.

(b) Tumia programu ya kurekodi inayohifadhi sauti bila kuibana, kisha itume kama faili, si kama ujumbe wa sauti. Simu za Android kuanzia toleo la 7.0 zinaweza kutoa sauti isiyohaririwa, iwapo mtengenezaji wa simu ameruhusu. Chagua programu inayotumia njia hiyo.

(c) Chagua chumba kimya, zima feni, weka tundu la maikrofoni ngozini moja kwa moja, na usiisogeze simu. Msuguano wa nguo hufanana mno na mipasuko ya mapafu.

(d) Msikilizaji avae vifaa vya masikioni vinavyoziba vizuri. Asitoe uamuzi kwa kusikiliza spika ya simu.

(e) Andika kwa maneno ulichosikia kwa stetoskopu, mahali ulipokisikia, pamoja na kasi ya kupumua, mapigo na shinikizo la damu. Maneno hayo yanapita katika simu bila kupungua.

(f) Rekodi yenye kasoro ni sababu ya kuchukua hatua. Rekodi safi si sababu ya kutomchukulia hatua mgonjwa anayehema, aliyevimba miguu au anayeshindwa kulala chali. Mpe rufaa.

(g) Pata ridhaa ya mgonjwa, usitaje jina lake katika rekodi, na uifute isipohitajika tena.

9. Kwa mgonjwa na familia yake

Simu hukata masafa ya juu pia, na humo ndimo zilimo sauti za "s" na "f". Mzee ambaye usikivu wake wa masafa ya juu umepungua huzipoteza mara mbili: mara moja kwenye simu na mara ya pili sikioni. Maneno "sita" na "tisa" yana irabu zile zile kwa mpangilio ule ule. Kinachoyatofautisha ni konsonanti tu. "Tatu" na "tano" nazo zinakaribiana. Mtu akielezwa ameze dawa saa sita akasikia saa tisa, kosa hilo si la uzembe wa yeyote. Kwa hiyo mhudumu aseme "saa sita mchana, wakati jua liko utosini", na mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe kabla simu haijakatwa. Kiasi cha dawa kitumwe pia kwa maandishi.

Jambo la pili ni kulinda masikio. Kikuzaji kilekile kinachomsaidia mzee asikie kinaweza kumwumiza kijana anayesikiliza muziki kutwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda salama kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa 5 tu kwa wiki nzima. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2021 ilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana kiwango fulani cha upungufu wa kusikia. Masikio yakivuma baada ya kusikiliza, sauti ilikuwa kubwa mno.

Hitimisho

Kila saketi hujibu swali ambalo mbunifu wake aliulizwa. Mbunifu wa simu aliulizwa jinsi ya kufikisha maneno kwa betri ndogo, spika ndogo na mtandao wenye watu wengi, naye amejibu vizuri. Swali la moyo na mapafu ni lingine, na anayelijibu ni mhudumu aliye mbele ya mgonjwa, kwa macho, mikono na stetoskopu yake. Simu imsaidie kufikisha alichokiona na kukisikia. Ukimya wa simu usihesabiwe kuwa uzima wa mgonjwa.

Maswali ya kujipima

1. Saketi ya maikrofoni ina ukinzani wa omu 10,000 na kapasita ya mikrofaradi 0.22. Kokotoa mpaka wa chujio lake. Je, sauti ya tatu ya moyo itapita bila kupungua sana?

2. Kwa nini mlio wa filimbi wa pumu unaweza kusikika kwa simu ya kawaida, ilhali mngurumo wa vali ya mitrali iliyobana hupotea?

3. Eleza kwa nini tarakimu zinazotamkwa katika kelele hupima usikivu kwa simu kwa uhakika zaidi kuliko milio mitupu.

4. Umepokea rekodi safi ya kifua cha mama mjamzito anayehema usiku. Utamjibu nini mhudumu aliyeituma?